Nusu ya Pili ya Yeriko

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyenipa sauti ya kufundisha Neno lake na, kabla sijaichosha kabisa, akanipa ruhusa ya kuipumzisha. Kila ninachokijua nilikipokea. Kila nilipopotoka alinirudisha kwa upole, mara nyingi kupitia midomo ya wanafunzi wangu. Jina lake libarikiwe hapa Eldoret na kila mahali barabara inapofika, na hata pale isipofika, maana huko nako nimefundisha.

Ninyi mnaochukua madarasa ya Jumamosi baada yangu mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi hii ya kuwafundisha wahubiri wa makanisa madogo. Sitaandika nilipanda cheo lini. Vyeo vilikuwa viwili tu, mwalimu msaidizi na mwalimu, na tofauti yake ilikuwa ufunguo wa kabati. Nitaandika jinsi nilivyoanza, mtu aliyenifundisha, na mji mmoja ulioanguka ambao ulinisumbua kuliko miji mingine yote ya Maandiko.

Siku yangu ya kwanza mvua ilinyesha. Ukifundisha hapa kwetu Uasin Gishu chini ya mabati bila dari, mvua ikianza somo limekwisha, hata kama ulikuwa unaeleza habari ya ufufuo. Nilisimama mbele ya wakulima na wenye maduka waliokuja kujifunza kuhubiri, nikapaza sauti hadi ikakatika. Mzee Barnaba, aliyekuwa mkuu wa darasa, aliniacha nipige kelele mpaka nikachoka. Kisha akaja mbele bila kusema neno, akaweka mezani kisanduku cha mbao kisicho na mfuniko, kipana kama dawati, kilichojaa udongo mwekundu. Akawaashiria watu wasogee.

Mzee Barnaba alikuwa seremala kabla ya kuitwa katika huduma, na kisanduku kile alikitengeneza mwenyewe. Siku ile, mvua ikipiga, alifundisha Yeriko kwa mikono. Wanafunzi walijenga ukuta kwa udongo uliolowa. Ndani wakapanga magunzi ya mahindi yawe nyumba. Kisha wakazunguka meza kimya kimya, watu wazima wenye mashamba na wajukuu, na kwa mzunguko wa mwisho wakapiga kelele kuishinda mvua na kuubomoa ukuta kwa ngumi. Sijawahi kuona watu waliofurahi hivyo darasani. Mmoja alitaka kujenga upya ili abomoe tena.

Nilidhani somo limeisha. Jumamosi iliyofuata nilikuta kisanduku mezani vilevile, kifusi kimekauka, magunzi yamelala kila upande. Nikataka kukisafisha.

"Wacha," Mzee Barnaba akasema. "Hiyo ndiyo nusu ya pili."

Darasa lilipojaa akauliza, "Nani anakaa hapa sasa?"

"Hakuna mtu, Mzee. Mji umeanguka."

"Tafuteni."

Asubuhi nzima walifungua Biblia zao wakitafuta Yeriko baada ya Yeriko kuanguka. Kazi hiyo haina kelele, na wengi walisinzia. Lakini kabla ya chakula cha mchana magunzi yalikuwa yameanza kusimama tena juu ya kifusi, moja moja, kila mtu akieleza ni nani amempata. Niliporudi nyumbani siku ile nilijua nitafanya kazi hii maisha yangu yote. Bado ninamshukuru Mungu kwa mvua ile.

Mzee Barnaba alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia hadi tukaiiga sauti yake kwa mzaha: mji uliofundishwa nusu usipelekwe kanisani. Alisema hakuna mhubiri anayehitaji kufundishwa kubomoa, hiyo huja yenyewe. Mhubiri anahitaji kufundishwa kutazama kifusi bila kukimbia na bila kushangilia. Alipolala katika Bwana aliniachia kisanduku, pamoja na ramani ya nchi takatifu iliyokuwa imechanika pale Galilaya na kuzibwa. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu walijua bahari ya Galilaya kama kipande cha plasta.

Mtagundua kwamba wanafunzi wanapenda sana miji iliyoharibiwa. Ukitaja Babeli, mkono wa kwanza utakaoinuka utauliza ni nchi gani siku hizi, na mwenye mkono atakuwa tayari na jibu lake. Msikasirike. Wapelekeni Ninawi, kwa sababu huko Mungu anamwambia Yona kwamba anauhurumia ule mji pamoja na wanyama wake. Watu wetu ni wafugaji. Mzee mmoja wa Ainabkoi aliposikia hivyo alivua kofia akasema, "Kumbe na ng'ombe aliwafikiria." Tangu siku hiyo hakutaja tena hukumu ya mji wowote bila kuuliza mifugo ilikuwa wapi. Na Bwana wetu mwenyewe, alipoona mji utakaoanguka, alilia. Nimefundisha mambo mengi ambayo wanafunzi wameyasahau, lakini nimejaribu lile lisisahauliwe. Mji ulioanguka katika Maandiko haukuandikwa ili tupate wa kumcheka.

Sasa niwaeleze habari ya Mwinjilisti Kiplagat na Mama Kamau. Wote wawili wameniruhusu, na Mama Kamau amesema nisimfanye mzee kuliko alivyo.

Kiplagat ni mkulima wa viazi pale Ainabkoi, mzaliwa wa hapo, na alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu bora. Alikuwa na sauti ambayo mvua haikuiweza. Alihudhuria darasa la Yeriko, akajenga ukuta, akaubomoa, akaandika vizuri lile neno zito ambalo Yoshua alilitamka juu ya kifusi: kwamba atakayeujenga tena mji ule ataweka msingi wake kwa kumpoteza mzaliwa wake wa kwanza, na kusimamisha malango yake kwa kumpoteza kitinda mimba. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ilikuwa wakati wa viazi, na lori la mnunuzi likifika shambani huliambii lisubiri mpaka umalize habari za Elisha. Hivyo Kiplagat alirudi kanisani kwake na nusu ya mji.

Mama Kamau tulikuwa naye kanisa moja, hapa mtaani Munyaka. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakatafuta shamba huku, na yeye na mumewe walikuwa na ploti na nyumba pale Ainabkoi, si mbali na kwa akina Kiplagat. Nyumba hiyo ilichomwa wakati wa vurugu za uchaguzi, baadhi ya wenyeji walipowafukuza waliohamia. Walikimbilia Munyaka wakapanga chumba, naye akaanza kuuza mboga. Mumewe aliugua akafariki huko huko Munyaka, akiwa ameomba jambo moja, azikwe kwenye ploti yake. Walimzika. Kaburi likabaki pale peke yake, na magugu, na kifusi cha nyumba iliyoungua.

Kijana wake Kamau, kifungua mimba, alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Aliamua kumjengea mama yake nyumba palepale. Mitaro ya msingi ikachimbwa. Kwetu hapa mtu hajengi bila kuombea msingi: mhubiri anafika asubuhi, wimbo unaimbwa kando ya mtaro, kisha jiwe la kona linawekwa na baba wa nyumba. Baba akiwa hayupo, linawekwa na mtoto wake wa kwanza. Mhubiri wa karibu alikuwa Kiplagat, na siku ilipangwa naye.

Jumapili kabla ya siku hiyo, Mama Kamau alikwenda Ainabkoi kusali na kanisa lake la zamani. Hakuwa amekaa kwenye viti vile tangu vurugu. Akaketi nyuma. Na Kiplagat akapanda mimbarani akahubiri Yeriko.

Kuanzia hapo mambo yakanijia mimi.

Nilikuwa nyumbani kwangu Kapsoya, jirani na Munyaka, nikikata nyasi za ua wa mbele. Lori likasimama langoni, limejaa mawe ya kuchonga, na juu ya mawe limelazwa geti la chuma, refu kuliko mtu, lenye ncha za mikuki juu. Kamau akashuka upande mmoja. Upande wa pili akashuka Abdi, mwenye lori, ambaye watu wake walitoka kaskazini na ambaye amesafirisha mawe ya nusu ya nyumba za mji huu.

"Mwalimu, mama amekataa," Kamau akasema kabla hata ya salamu. "Amesema nikiweka jiwe nitakufa."

"Nani amemwambia?"

"Kanisa! Mwinjilisti wenu. Amesimama mbele ya watu akasema anayejenga mahali Mungu alibomoa atalipa na mtoto wake wa kwanza. Si huyo ni mimi? Sasa nimeambiwa nirudishe mawe. Mawe inarudishwa wapi, Mwalimu?"

"Si kwangu," Abdi akadakia. "Mzee, salaam aleikum. Mimi hii mambo ya Yeriko siijui vizuri, lakini springi za lori yangu pia ziko na kitabu chao, na imeandikwa mzigo ushuke leo."

"Abdi, ngoja kidogo."

"Nangoja. Lori ndio haingoji."

Nilimwambia ashushe mawe kwenye ua wangu, juu ya nyasi nilizotoka kuzikata. Mke wangu alitazama kutoka dirishani na hakusema kitu, na hiyo kwa mke wangu ni hotuba. Geti tuliliegemeza kwenye ukuta. Nikamuuliza Kamau kwa nini geti limetangulia nyumba.

"Geti ndio ya kwanza," akasema. "Safari hii mtu asiingie."

Nilimkuta Mama Kamau kwenye kibanda chake, akikatakata sukuma wiki kwa mteja. Aliniona akaendelea kukata.

"Karibu Mwalimu. Najua umetumwa."

"Nimetumwa na mawe yaliyoko kwangu."

Alicheka kidogo, mteja akaondoka, akanisogezea kiti. "Niambie kitu kimoja, na usinizungushe. Hiyo maneno iko ndani ya Biblia ama haiko?"

"Iko, Mama Kamau."

"Na ile mtu alijenga, watoto wake walikufa ama hawakukufa?"

"Hieli wa Betheli. Walikufa, wa kwanza na wa mwisho."

"Basi umemaliza." Akafuta kisu. "Nyumba nilishapoteza. Mzee wangu nilimpoteza. Sipotezi mtoto kwa sababu ya nyumba. Na unajua geti lilipakwa rangi na nani? Wambui! Kitinda mimba wangu. Mkubwa kwa msingi, mdogo kwa geti, vile imeandikwa. Mwalimu, mimi nilisikia nywele zikisimama pale kanisani."

Kila aliyepita alimsalimu, "Mama Kamau, habari," na kila mara jina la kijana wake lilitajwa kwenye masikio yake. Sisi huwaita wanawake kwa majina ya watoto wao na hatufikirii tena. Siku hiyo nilifikiri.

Kisha nikamwonyesha nusu ya pili, kama Mzee Barnaba alivyonionyesha mimi. Nikamweleza kwamba muda mrefu kabla ya Hieli, mfalme Daudi aliwaambia watumishi wake walionyolewa ndevu kwa dharau wakae Yeriko mpaka ndevu zimee. Basi palikuwa na watu pale, palikuwa na mahali pa kulala, na hakuna aliyelaaniwa. Hieli alijenga msingi na malango, ngome ya mfalme mwovu. Na Yeriko ya kwanza ilisemwa imefungwa kabisa, hakuna anayetoka wala anayeingia. Mimi nasoma kwamba lile lilikuwa neno juu ya kuisimamisha tena ngome ile iliyofungwa, si juu ya mama anayetaka paa. Hivyo ndivyo ninavyosoma, na niko tayari kusahihishwa. Baada ya Hieli, watu wa mji walimwambia Elisha kwamba mahali ni pazuri ila maji ni mabaya, na Mungu akayaponya maji yao kwa chumvi. Hakuwaambia wahame.

"Na Bwana Yesu mwenyewe," nikasema, "aliingia Yeriko akataka kukaa nyumbani kwa Zakayo. Hiyo nyumba mtu aliijenga, Mama. Mtu aliweka msingi wake. Bwana hakupita kando yake."

Niliona uso wake umelegea. Hapo ningenyamaza. Lakini mwalimu ana ugonjwa wake, anataka kusema kila kitu, na sikutaka kumficha neno. Nikaongeza kwamba wasomi husema mji wa wakati wa Bwana ulikuwa umesogea kidogo kutoka kwenye kifusi cha kwanza.

"Ahaa!" akasema. "Si unaona? Waliogopa, wakasogea."

"Mama Kamau—"

"Hapana, umesema wewe. Walisogea."

Kamau alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu. "Basi tusogee, Mama. Nachimba mitaro mingine. Huko chini karibu na bomba."

Mama Kamau akawaza. Kisha akatikisa kichwa. "Huko chini? Tukijenga huko, choo kitakaa huku juu, na baba yako atakuwa nyuma ya choo. Mtu alilala kitandani akiomba ploti yake, halafu tumpatie choo?" Akachukua kisu tena. "Sisogei, na sijengi."

Nilirudi Kapsoya nikiwa na majibu yote, na jambo lilikuwa palepale. Ninaandika haya ili mjue. Mtajifunza Maandiko vizuri, mtajibu kila swali, na mtu ataendelea kuogopa. Msimkasirikie. Hofu yake haikuingia kupitia akili, kwa hiyo haitatoka kupitia hapo.

Kesho yake nilipanda boda boda kwenda Ainabkoi. Kiplagat alikuwa shambani, magoti yamejaa udongo. Nilipomwambia, alikaa chini kwenye matuta.

"Mwalimu, nilihubiria walevi," akasema. "Kuna vijana tulifunga kilabu cha chang'aa mwezi uliopita, na wanataka kufungua tena. Nilisema msijenge kile Mungu amebomoa. Nilikuwa nawaangalia wao tu."

"Mama Kamau hanywi."

"Sikumwona. Haki ya Mungu, sikujua amekuja." Nilimwona akilifikia wazo ambalo mimi nilikuwa nimeshalifikia. "Kwa hivyo alisikia mimi nikimwambia asirudi. Mimi. Mtoto wa hapa."

"Alisikia hivyo."

"Na kile kifusi tunakipita kila siku." Alivunja donge la udongo mkononi. "Mwalimu, hiyo Jumamosi niliyokosa, ilikuwa na nini?"

Hatukuwa na kisanduku. Tulitumia tuta la viazi. Nilimfundisha nusu ya pili pale pale, viazi vidogo vikiwa nyumba, yeye akivisimamisha kimoja kimoja, na mke wake akituletea chai na kuuliza kama wazee wawili wamekosa kazi. Tulipofika kwa Zakayo alikishika kiazi cha mwisho kwa muda mrefu.

"Nikienda kumwambia haya ataamini?"

"Nimeshamwambia. Hakuamini."

"Basi maneno haitoshi," akasema.

Siku ya kuombea msingi ilifika, na Mama Kamau alikuwa hajabadilisha neno lake. Alikubali jambo moja tu, kwamba twende tufanye ibada kwenye kaburi la mumewe na kulisafisha. Kamau aliniomba ruhusa ya kubeba jiwe moja. "La kukalia tu," alisema, na wote tulijua si la kukalia. Abdi alitupeleka na lori lake. Alisema hataki kukosa mwisho wa jambo lililomharibia springi.

Mama Kamau alishuka na sufuria, mahindi na maharagwe ya githeri, na pakiti ya chumvi. Nilipoiona chumvi moyo wangu ulishtuka. Nilidhani ameshika habari ya Elisha kama dawa, na atainyunyiza kwenye mitaro, nami nitakuwa nimemtoa katika hofu moja na kumtia katika nyingine. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye kisima cha zamani, Kamau akamtekea maji, akayanusa, akayaonja. Kisha akawasha moto na kutia chumvi kwenye githeri.

"Unaangalia nini, Mwalimu?" akaniuliza. "Unataka kula bila chumvi?"

Kiplagat alifika na watu wachache wa kanisa lake. Tulifyeka magugu kaburini, tukaimba. Kisha Kiplagat akamwendea Mama Kamau mbele ya watu wote, akavua kofia.

"Mama, nilihubiri nusu ya neno. Sikukulenga, lakini ulichosikia ni sauti yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Jana nilishakusamehe. Lakini kuogopa bado naogopa. Nisikudanganye."

"Najua."

Kamau alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro na jiwe lake. Alimtazama mama yake, hakushuka. Ninamheshimu kijana huyo kwa hilo. Alikuwa na nguvu za kushuka na sababu za kushuka, lakini alisubiri mama yake.

Kiplagat akavua viatu, akaruka mtaroni. Akanyoosha mikono juu.

"Kamau, leta."

"Wewe unafanya nini huko chini?" Mama Kamau akauliza.

"Mama, mimi pia ni kifungua mimba. Mama yangu ni yule amesimama pale na shuka nyekundu, muulizeni. Nilitaja mzaliwa wa kwanza kwa mdomo wangu, basi na mimi nishike jiwe. Kama ni neno la kutupata, litupate wawili. Lakini mimi naamini hakuna, na ndiyo maana nimeingia."

Yule mama wa shuka nyekundu, mama yake Kiplagat, alivuka mitaro polepole, akaja akasimama kando ya Mama Kamau. Walikuwa majirani miaka mingi. Walikuwa hawajasimama karibu hivyo tangu moshi.

"Wangu ameshaingia," mama yule akasema, akimtazama mwenzake. "Na wako?"

Mama Kamau alitazama mtaro. Alitazama kaburi lililosafishwa. Nikamwona akivuta pumzi kama mtu anayenyanyua ndoo iliyojaa.

"Kamau," akasema, "shuka. Lakini shuka polepole, hiyo udongo imelowa."

Walilishika pamoja, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wakaliweka kwenye kona. Kamau akaligongagonga kwa nyundo akalitazama kwa jicho la fundi. "Imelala vizuri," akasema. Kiplagat akaomba, kwa mara ya kwanza niliyomsikia, kwa sauti ndogo. Kisha tukala githeri, ikiwa na chumvi ya kutosha, na maji ya kisima yalikuwa matamu.

Nyumba ilijengwa kwa mawe yaliyokuwa kwangu. Nyasi zangu hazijapona mpaka leo, na ninamshukuru Mungu kila ninapoliona lile doa. Geti Kamau alilikata kwa mashine yake mwenyewe, likabaki kimo cha kifua. Mtu anayepita anaona mlango, na mwenye nyumba anamwona anayepita. Ncha za mikuki zilikwenda kuwa vijiti vya kuegemezea maharagwe. Kamau ana watoto sasa. Wambui ndiye anayenifungulia nikienda, na Mama Kamau huniambia hata kabla sijakaa, "Mwalimu, karibu Yeriko," kisha anacheka mwenyewe.

Kiplagat ndiye aliyechukua kisanduku siku nilipostaafu. Alinivumilia nikitoa maagizo mengi kuhusu udongo, kisha akaniambia amebadilisha jambo moja: darasa lake la Yeriko halianzi wakati wa viazi.

Wewe unayesoma haya, ikiwa umesimama mbele ya kifusi chochote, cha nyumba au cha moyo, Mungu akupe maji matamu kutoka kwenye kisima kilekile cha zamani. Akupe jirani atakayeshuka nawe mtaroni. Akulindie wa kwanza wako na wa mwisho wako. Na Bwana akipita mjini mwako akitafuta mahali pa kukaa, aikute nyumba imejengwa, mlango uko wazi, na chakula kiko motoni. Amina.